Matangazo kwenye kurasa zetu za habari: tuwachague mawakala, tusiwarundike

Wandugu wasikilizaji, na ninyi familia munaosoma kutoka mahali mulipokimbilia, kuna swali moja linatufikia mara nyingi kwa simu na kwa ujumbe: kwa nini kurasa za habari za kwetu zimejaa matangazo? Mtu anafungua habari fupi juu ya barabara ya Sake ama bei ya unga, na kabla ya kufika mstari wa tatu amekutana na mchezo wa bahati, dawa ya kupunguza tumbo na visa ya Canada. Wengine wanauliza kwa hasira, wengine kwa kucheka. Wote wana haki ya kujibiwa, kwa kuwa mega zinazoisha ni zao.

Jibu la kwanza ni pesa. Redio ndogo za Kivu zimezoea kuishi kwa komunike: ya msiba, ya mtoto aliyepotea, ya ndoa, ya shule inayoandikisha wanafunzi, ya duka jipya. Ziliishi pia kwa vipindi vilivyolipiwa na mashirika. Mwezi wa Januari 2025 milango hiyo miwili ilifungwa karibu kwa wakati mmoja. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi zilizotegemea pesa ile zikakatika. Siku chache baadaye vita viliingia Goma, mabenki yakafunga, na mwenye duka aliyezoea kuleta komunike hakuwa tena na cha kuleta.

Ndiyo maana waandishi wengi wa kwetu wamegeukia intaneti. Na huko shauri linalosikika sana ni hili: usitegemee wakala mmoja wa matangazo, weka wawili, watatu, hata watano, na mapato yatapanda. Mimi naona shauri hilo lina ukweli nusu. Nusu ya pili inaweza kutuharibia kitu tulicho nacho kimoja tu, yaani imani yenu.

Wakala anafanya kazi gani?

Mwenye ukurasa mdogo wa habari hapa Kivu hawezi kwenda kugonga mlango wa kampuni ya Brussels ama Paris kuomba tangazo. Wakala ndiye anayesimama katikati. Anachukua pesa kwa wenye bidhaa, anatafuta kurasa zenye wasomaji, anaweka tangazo, anakata sehemu yake, na kinachobaki anamtumia mwenye ukurasa. Anayejulikana kuliko wote ni Google AdSense, iliyoanza mwaka wa 2003. Kuna wengine pia: Media.net, Taboola, Ezoic, Adsterra, na wadogo wengi ambao majina yao yanazaliwa na kufa.

Wewe unapofinya kichwa cha habari, nafasi ya tangazo inauzwa papo hapo kwa mnada. Mashine zinataja bei, anayetaja bei ya juu anashinda, na tangazo lake linatokea kwenye simu yako. Yote hayo yanaisha kabla hujahesabu mbili.

Wakala anakata kiasi gani? Kwa miaka mingi Google ilikuwa inamwachia mwenye ukurasa asilimia 68. Tangu mwanzo wa 2024 imebadilisha hesabu. Kwanza mashine ya upande wa mnunuzi inakata sehemu yake, halafu mwenye ukurasa anapata asilimia 80 ya kinachobaki. Google yenyewe ilieleza kwamba mwisho wa hesabu mwenye ukurasa anabaki na karibu ileile 68. Kilichobadilika zaidi ni kwamba sasa malipo yanafuata tangazo kuonekana, si lazima mtu alifinye.

Sasa kwa nini watu wanaunganisha mawakala? Mama anayeuza sambaza analijua jibu. Akiwa na mnunuzi mmoja tu, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Wakifika watatu, bei inapanda bila mama kusema neno. Zamani kwenye intaneti mawakala walipangwa kama ngazi: wa kwanza akikataa, nafasi inashuka kwa wa pili, kisha wa tatu, na mara nyingi aliyekuwa chini angelipa vizuri lakini hakuulizwa. Tangu mwaka wa 2015 kuna programu ya bure inayoitwa Prebid, ambayo inawauliza wote kwa pamoja. Hiyo imesaidia magazeti mengi makubwa.

Kuna na sababu ya usalama. Wakala anaweza kufunga akaunti yako leo asubuhi, na maelezo yakachelewa au yasije kabisa. Ukiwa na mwingine pembeni, angalau unalipa kurenti ya mwezi. Kwa hiyo sikatai kuunganisha. Ninachokataa ni kurundika.

Hesabu ya mtu mdogo

Kila wakala ana kiwango ambacho lazima ufikishe kabla hajakulipa. Kwa AdSense ni dola 100. Media.net pia ni dola 100. Sasa tufanye hesabu pamoja. Tuseme ukurasa mmoja wa mji wetu unapata dola 60 kwa mwezi kwa wakala mmoja. Baada ya miezi miwili una dola 120, unalipwa. Tuseme tena umeongeza mawakala wakawa wanne, na kwa kweli mapato yamepanda mpaka dola 80. Ukigawanya sawasawa, kila mmoja ana dola 20 zako. Itabidi ungoje miezi mitano ili wa kwanza afike 100.

Kwenye karatasi umetajirika. Mfukoni umefunga njaa. Gazeti kubwa la Nairobi ama Paris linafikisha kiwango kwa kila wakala katika siku moja, ndiyo sababu shauri lile linalifaa. Sisi pesa zetu zinalala kwenye vyungu vinne, hakuna hata kimoja kilichojaa, na motari anataka kulipwa leo.

Halafu kuna ile barua. Mapato yako ya AdSense yakifika dola 10, Google inatuma kwa posta barua yenye namba ya siri, ili kuhakikisha anwani yako. Una miezi 4 ya kuingiza namba hiyo, la sivyo matangazo yanasimama. Munajua posta ya kwetu. Munajua pia kwamba anwani ya mtu aliyekimbia mara tatu ni jina la kanisa ama la shule alimolala. Njia nyingine ipo: ukiomba namba mara kadhaa na isifike, unaweza kuruhusiwa kutuma picha ya kitambulisho. Lakini kadi ya uchaguzi ya wengi ilibaki ndani ya nyumba iliyoporwa.

Na pesa zikitoka, zinapitia benki. Benki ikifungwa, mwandishi anatafuta ndugu mwenye akaunti upande wa pili wa mpaka, na kila mkono unaoshika pesa unapunguza kidogo. Ukiwa na mawakala wanne, shida hiyo unaizidisha mara nne. Wale wanaouza shauri la kuongeza mawakala hawalitaji jambo hili, kwa sababu wao hawaishi hapa.

Anayelipa ni msomaji

Sasa tufike kwenu, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Habari ya maneno elfu moja, bila picha, ina uzito mdogo sana, haifiki hata sehemu ya mia ya mega moja. Ukiongeza picha, video inayojicheza yenyewe na mashine za mawakala watano, ukurasa uleule unaweza kufika mega mbili ama tatu. Mama aliyenunua mega kidogo ili ajue kama barabara ya kijiji chake imefunguliwa, zinaisha kabla habari haijafunguka. Amelipa, lakini hakusoma.

Na hilo lina ajabu yake. Bei ya tangazo inafuata nchi ya msomaji. Ndugu yetu anayesoma akiwa Ubelgiji, Ufaransa, Canada ama Marekani, mnada wake una bei nzuri, kwa kuwa wenye bidhaa wanamtaka. Msomaji aliye Minova ama kwenye kambi ya Musenyi kule Burundi, wenye bidhaa hawagombani kwa ajili yake, na bei inashuka karibu na sifuri. Maana yake ni kwamba tunawabebesha mzigo mkubwa wa matangazo wale wasiotuletea pesa, na ndio haohao ambao mega inawauma.

Tena nafasi ya bei ya chini haibaki wazi. Inanunuliwa na nani? Mara nyingi ni mchezo wa bahati, dawa ya miujiza, na wadanganyifu. Wazee wetu wanakumbuka Bindo, ule mradi wa Kinshasa ulioanguka mwaka wa 1991 na kuondoka na akiba za watu. Siku hizi Bindo haina haja ya ofisi. Inaweza kuingia kwa tangazo lisemalo: andika jina lako upate kazi PAM, lipa dola 20 za dosye. Ama: HCR inapeleka familia Canada, tuma pesa ya fomu. Mtu aliyepoteza shamba na nyumba anaamini, si kwa ujinga, ila kwa sababu ameliona juu ya ukurasa wa redio anayoisikiliza kila asubuhi. Yeye hajui kuna wakala, hajui kuna mnada. Anajua sauti yetu tu. Kwake, redio imesema.

Mawakala wakubwa wana chujio. Hawazuii kila kitu, lakini wana sheria, na mwenye ukurasa anapewa nafasi ya kufunga aina fulani za matangazo. Wadogo wengi wanaopokea kila mtu bila kuuliza swali, wanapokea pia kila mwenye tangazo bila kuuliza swali. Wanajulikana kwa zile kurasa zinazofunguka zenyewe nyuma ya ukurasa uliouomba, na zile zinazosema simu yako ina virusi, finya hapa. Ukiona wakala anakukubali kwa dakika tano, jiulize nani mwingine amekubaliwa kwa dakika tano.

Kuna hatari ya mwisho, nayo ni ya kimyakimya. Wenye bidhaa hawapendi tangazo lao likae karibu na habari za vita na vifo. Wanaagiza mashine ikwepe maneno hayo. Kwa hiyo habari ya watu waliouawa kijijini inaleta pesa kidogo kuliko habari ya mpira wa Ulaya ama ndoa ya mwanamuziki. Ukurasa unaoishi kwa matangazo ya mawakala peke yake, polepole unafundishwa kunyamaza. Hakuna mtu aliyekuja na bunduki kuukataza. Ni hesabu ya mwisho wa mwezi tu. Na ninyi munaotafuta kujua kama kwenu kumetulia, mutakuta matokeo ya Champions League.

Wanaosema tumbo halisubiri

Wenzangu kadhaa wa kazi wananijibu: ndugu, wewe unaongea vizuri, lakini watoto wanakula maneno? Mwandishi asiye na mshahara achague tangazo kweli? Nawaelewa. Mwandishi mwenye njaa naye anaweza kununuliwa na mwanasiasa kwa bahasha, na bahasha ina hatari kuliko mchezo wa bahati. Pesa ya matangazo, ikiwa safi, inaweza kumpa mwandishi uhuru.

Lakini tuangalie kinachouzwa. Hatuuzi nafasi ya kioo cha simu. Nafasi hizo ziko nyingi duniani kote na bei yake haina maana. Tunachouza ni kwamba mtu wa hapa akisikia jina la redio yetu anaamini. Siku familia moja itapoteza dola 20 kupitia ukurasa wetu, itawaambia watu wa shule nzima walimolala. Mapato ya mwezi hayatarudisha hicho. Duka likichoma jina lake, linaweza kufungua mtaa wa pili kwa jina lingine. Redio haiwezi.

Ninachopendekeza

Kwa wenye kurasa na redio, mawakala wawili wanatosha, mpaka siku kila mmoja atakapokuwa anafikisha kiwango chake kwa mwezi. Mmoja awe mkubwa mwenye sheria. Wa pili awe mwenye kiwango kidogo cha malipo, lakini naye awe na njia ya kufunga matangazo mabaya. Asiye na njia hiyo asiingie, hata akiahidi mara mbili.

Kisha tumia chujio. AdSense inaruhusu kufunga miradi ya kutajirika haraka, dawa za kupunguza mwili, mambo ya uganga na aina nyingine. Inaruhusu pia kumfunga mwenye tangazo mmoja kwa anwani yake. Ni kazi ya nusu saa kwa juma. Kuna na lile faili linaloitwa ads.txt, lililoanzishwa mwaka wa 2017, ambalo linaorodhesha nani ana ruhusa ya kuuza nafasi zako. Wakala akikuletea mistari mia ya kuweka humo, muulize ni akina nani. Unawafungulia mlango wa nyumba yako.

Tatu, tutenganishe wasomaji kwa nchi. Programu nyingi za matangazo zinaweza kufanya hivyo. Msomaji wa Ulaya na Amerika aone matangazo matatu ama manne. Msomaji wa Congo, Burundi na Uganda aone moja, jepesi, bila video. Mapato hayatashuka sana, na mega zenu zitapona.

Nne, tusiwaombe watu wafinye matangazo. Nasikia wengine wanasema hewani: mutusaidie, finyeni pub kila siku. Sheria ya Google inakataza kabisa. Mashine yao inaona, inafunga akaunti, na pesa inarudishwa kwa wenye bidhaa. Msaada wa namna hiyo unamzika unayetaka kumsaidia.

La tano kwangu ndilo kubwa. Badala ya kuunganisha mawakala wa mbali, tuunganishe redio za karibu. Redio tano ama sita za Kivu zikiwa na karatasi moja ya bei, mwenye boti za ziwani, mwenye famasi, mwenye shule na mwenye kuuza mbegu wanaweza kulipa mara moja, na komunike yao ikasikika hewani na kusomeka kwenye kurasa zote. Malipo yanapita kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money. Hakuna barua ya posta, hakuna kungoja dola 100. Anayetangaza anajulikana, ana mlango, na akidanganya tunajua pa kumpata. Juu ya kila tangazo kuandikwe wazi: hili limelipiwa. Na komunike ya mtoto aliyepotea ibaki bure, iwe vita, iwe amani.

Kwenu wasikilizaji

Ninyi pia muna kazi. Mukiona tangazo baya juu ya ukurasa wa redio yoyote, piga picha ya kioo cha simu na muitume kwa redio ile, si kwa jirani. Musilifinye kwa hamu ya kujua. Na mukumbuke jambo moja ambalo halibadiliki: HCR na PAM hawaombi pesa kwa msaada, wala kwa kuandikishwa, wala kwa kupelekwa nchi nyingine. Anayeomba pesa kwa hayo si wao, hata akiweka alama yao, hata akitokea juu ya ukurasa wetu.

Mutuulize pia, bila haya: pesa zenu zinatoka wapi? Redio inayouliza gavana ametumia namna gani pesa za raia, nayo inapaswa kuulizwa. Mimi naona kila redio ingeweza kusema hewani mara moja kwa miezi mitatu: tulipata kiasi hiki kwa komunike, kiasi hiki kwa mashirika, kiasi hiki kwa mawakala wa intaneti, na matangazo haya tuliyakataa. Wenzangu, tuanze na robo hii ya mwaka.